Picha za Mkondo wa Damu katika Uvimbe wa Ubongo

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mpiga picha za mionzi wa hospitali, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Segese



Kwanza kabisa natoa shukrani kwa Kamati kwa heshima hii. Katibu aliponiandikia barua alisema nichague jambo lolote la kazi yangu, ila nisiwachoshe watu kabla ya chakula cha mchana. Nitajitahidi. Hata hivyo nawaombeni uvumilivu kidogo, kwa sababu jambo nililolichagua lina hesabu ndani yake, na pia lina mtu ndani yake ambaye wengi wenu mlimfahamu.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari, ingawa hapa kijijini mnaniita hivyo na mimi nimechoka kukanusha. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili: eksirei, CT na MRI. Daktari bingwa ndiye anayezisoma na kutoa hukumu. Mimi ni kama fundi anayeshika taa ili mwenzake aone shimoni. Lakini taa ikishikwa vibaya, mwenye kuchimba anaumia.

Wale tuliomaliza pamoja tunamkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa golikipa wa shule. Sitamtaja jina. Nimeiomba familia yake ruhusa ya kusimulia habari zake, nao wamekubali kwa sharti hilo. Baada ya kidato cha nne aliingia machimboni, kama walivyoingia vijana wengi wa ukanda huu wetu, kuanzia hapa mpaka Geita. Alianza kwa kubeba mawe, halafu akawa na fungu lake katika duara pamoja na wenzake watatu.

Jioni moja alinipigia simu. Alisema kichwa kinamuuma kila alfajiri, mwezi wa pili sasa, na mara nyingine anatapika kabla hata hajala kitu. Akaniuliza, "Daktari, hiki ni kitu gani?" Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimechoka. Nikamjibu, "Kaka, hilo ni vumbi na hewa nzito ya shimoni, tena hamnywi maji. Pumzika siku mbili tatu." Akanishukuru. Baada ya wiki sita akaanguka mwaloni mbele ya watu, akajipinda mwili mzima, na povu likamtoka mdomoni. Alikuwa hajawahi kuugua kifafa maisha yake yote.

Ndugu zangu, jibu lile la simu ndilo lililonifanya nichague jambo hili leo.

Alipelekwa hospitali, akapigwa picha ya CT. Ilionekana pete moja upande wa kulia wa ubongo, inang'aa ukingoni na nyeusi katikati, na kuizunguka ubongo umejaa maji. Sasa, pete kama hiyo katika nchi yetu ina maana nyingi. Inaweza kuwa uvimbe wa saratani. Inaweza kuwa jipu. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichopanda kichwani, nacho kinawapata sana watu wanaovuta vumbi la mawe kila siku. Inaweza kuwa vijidudu vya toksoplasma kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka. Inaweza hata kuwa lava wa tegu wa nguruwe, ambaye ameonekana katika watu wengi wenye kifafa katika sehemu mbalimbali za nchi yetu zinazofuga nguruwe. Daktari aliyemwona alimwanzishia dawa za kifua kikuu. Hakukosea kufikiri hivyo. Mchimbaji, amekonda, anakohoa. Yeyote kati yetu angefikiri hivyo.

Lakini miezi miwili ikapita na pete ikaongezeka. Ndipo tukamsafirisha. Tulipita Geita, tukavuka kwa kivuko kutoka Busisi kwenda Kigongo, kwani daraja lile refu lililofunguliwa mwaka 2025 lilikuwa bado linajengwa, na kutoka Mwanza tukaendelea hadi Dar es Salaam. Huko akapigwa picha ya MRI, na mwishoni mwa picha ile wakaongeza kipimo kingine cha dakika mbili tu. Kipimo hicho ndicho ninachotaka kukieleza. Wataalamu hukiita pafyusheni. Kwa lugha yetu ni kupima mkondo wa damu, yaani damu kiasi gani inaingia katika kila sehemu ndogo ya ubongo, na inapita kwa kasi gani.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, ambao ni kama asilimia 2 ya mwili. Lakini katika damu yote ambayo moyo unaisukuma mtu akiwa amepumzika, karibu asilimia 15 inakwenda kichwani. Ubongo hauna ghala. Ukikatiwa damu kwa dakika chache, sehemu zake zinaanza kufa.

Sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa habari ya kugawana maji. Kila aliyelima mpunga anayajua majaruba. Maji yanatoka mferejini, yanaingia jaruba la kwanza, la pili, la tatu, na kila jaruba lina kingo zake. Ubongo nao uko hivyo. Mishipa mikubwa inagawanyika kuwa midogo, na midogo kuwa membamba kuliko unywele, na kuta za mishipa hiyo ya ubongo zimeshikana sana, haziruhusu kila kitu kupenya. Hizo ndizo kingo.

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani aliyeitwa Judah Folkman alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita mbili au tatu usipojipatia mishipa mipya ya damu. Wengi hawakumwamini mwanzoni, baadaye ikadhihirika alisema kweli. Uvimbe mkali unafanya kama mkulima mwizi: usiku anachimba mifereji yake mwenyewe kutoka kwenye mfereji wa wote. Tena anaichimba ovyo. Imepinda, mingine imepanuka kupita kiasi, mingine inavuja.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa makini, maana ndilo lililotupoteza sisi. Tunapompiga mgonjwa picha ya kawaida ya CT au MRI tunamchoma dawa ya kung'arisha. Penye mwanga ndipo dawa ilipovuja nje ya mishipa. Kwa hiyo picha ile inatuonyesha kwamba kingo imebomoka. Haituambii nani aliyeibomoa, wala maji mangapi yanapita mferejini. Kifua kikuu kinabomoa kingo. Jipu linabomoa kingo. Saratani inabomoa kingo. Zote tatu zinang'aa. Ukiona tope nje ya jaruba huwezi kujua kama mfereji ni mpana au mwembamba mpaka usimame juu ya mfereji wenyewe ukahesabu maji.

Wanafunzi, sasa nifuateni, maana hesabu yenyewe ni ya darasani kwenu.

Mashine ya MRI haitumii eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Boston, Marekani, walikuwa miongoni mwa waliotengeneza njia hii: unamchoma mgonjwa dawa yenye madini ya gadolini mkononi, kwa haraka, kama mililita 4 au 5 kwa sekunde, na wakati huo huo mashine inapiga picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde moja au mbili. Dawa ile inavuruga sumaku kidogo inapopita, kwa hiyo mwanga wa picha unashuka ghafla kama ndoo inayoachiwa kisimani, halafu unapanda tena dawa inapoondoka. Kwa kila nukta ya ubongo unapata mstari wa grafu. Ukichukua logi ya jinsi mwanga ulivyoshuka, unapata kipimo cha dawa iliyokuwapo mahali pale. Naam, logi zile zile ambazo sisi tulizitafuta kwenye vitabu vya jedwali huku tukinung'unika kwamba hazina faida.

Eneo lililo chini ya mstari wa grafu linakuambia ujazo wa damu. Ukijua ujazo na ukajua damu inachukua muda gani kupita, unapata mtiririko, kwa kugawanya tu. Tuseme katika gramu 100 za ubongo mzima kuna mililita 4 za damu, na damu hiyo inachukua sekunde 4.8 kupita. Gawanya 4 kwa 4.8, zidisha kwa 60, unapata mililita 50 kwa dakika. Hicho ndicho kiasi cha kawaida cha ubongo wenye afya. Kanuni yenyewe ni ya mfereji wa maji, na kijana wa kidato cha pili anaiweza.

Kwa uvimbe, aghalabu hatuhitaji hata mililita kamili. Tunalinganisha. Tunachukua eneo chini ya grafu ya uvimbe tukaligawanya kwa eneo chini ya grafu ya upande wa pili wa ubongo, ulio mzima. Kama uvimbe ni 36 na upande mzima ni 12, uwiano ni 3. Kama pete ni 9 na upande mzima ni 12, uwiano ni 0.75, yaani ndani ya ile pete damu ni pungufu kuliko mahali penye afya. Majipu na vidonda vya toksoplasma aghalabu vina damu kidogo. Uvimbe mkali wa jamii ya glioma aghalabu una damu nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa New York walitoa mpaka wa 1.75: juu ya hapo glioma inashukiwa kuwa kali, chini yake si kali. Mpaka huo umetumika sana, ila si sheria ya Mungu. Unabadilika kwa mashine, kwa dawa na kwa namna ya kukokotoa, na kila hospitali inapaswa kujua vipimo vyake yenyewe.

Uwiano wa mwenzetu ulikuwa zaidi ya 3.

Niliposimama nyuma ya kioo nikaona pete ile imewaka rangi nyekundu kwenye kompyuta, nilielewa kabla daktari hajasema neno. Nikaikumbuka ile simu.

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikawafanya watu waondoke hapa wakidhani mashine hii ni mganga anayejua yote. Inadanganya, na anayeitumia lazima ajue inadanganya wapi. Upo uvimbe uitwao oligodendroglioma ambao hata ukiwa mpole unaweza kuonyesha damu nyingi. Limfoma ya ubongo ni kali, lakini mara nyingi haionyeshi damu nyingi. Meninjioma, unaoota kwenye utando wa nje ya ubongo, umejaa damu tele na aghalabu si saratani. Kifua kikuu chenyewe, kinapokuwa kibichi, kinaweza kujitengenezea mishipa ikadhaniwa saratani. Halafu ile dawa ikivuja sana wakati wa kupima, hesabu inaharibika, kwa hiyo hutolewa dozi ndogo ya kutangulia, au kompyuta inafanya masahihisho. Na karibu na mifupa ya pua na masikio, au palipovuja damu zamani, picha inavurugika. Kwa sababu hizo zote, hukumu ya mwisho hutoka kwenye kipande cha nyama kilichokatwa na kuangaliwa kwa hadubini. Picha ya mkondo wa damu inamsaidia mpasuaji kujua akate wapi, kwa maana uvimbe mmoja unaweza kuwa mpole upande huu na mkali upande ule. Akichukua kipande cha upande mpole, mgonjwa atapewa matibabu ya ugonjwa mdogo hali ana ugonjwa mkubwa.

Zipo pia njia nyingine mbili za MRI, nizitaje kwa kifupi. Moja haihesabu dawa inavyopita kwa sekunde chache, bali inaangalia kwa dakika kadhaa jinsi inavyovuja. Hiyo inapima ubovu wa kingo. Nyingine, iliyoanza mwaka 1992, haihitaji dawa kabisa: mashine inayawekea alama maji yaliyomo katika damu ya shingoni kwa mawimbi ya redio, kisha inayasubiri kichwani. Inawafaa watoto, na wagonjwa wenye figo mbovu ambao gadolini inaweza kuwadhuru. Hali kadhalika CT inaweza kupima mkondo wa damu kwa dawa ya iodini, ila mgonjwa anapata mionzi zaidi. Katika miaka ya karibuni Serikali imefunga mashine za CT katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Kwa hiyo nusu ya safari tumeshaifanya. Kilichobaki ni programu za kompyuta, sindano za mashine zinazosukuma dawa kwa kasi, na zaidi ya yote watu waliofundishwa.

Turudi kwa mwenzetu. Alipasuliwa. Kipande kilipochunguzwa ikawa ni glioblastoma, iliyo kali kuliko glioma zote. Alipewa mionzi na dawa ya temozolomide. Mnajua, au kama hamjui niwaambie ukweli, kwamba ugonjwa huu bado hatujauweza. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya na Kanada uliotolewa mwaka 2005, nusu ya wagonjwa waliopewa mionzi pamoja na dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 14.6. Kwa waliopewa mionzi peke yake ilikuwa miezi 12.1. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma katika karatasi. Kwa mwenye watoto si ndogo.

Wiki ya kumi baada ya mionzi alipigwa picha nyingine, na pete ikaonekana kubwa kuliko mwanzo. Mkewe alikaa chini pale pale kwenye veranda. Wajomba walianza kuzungumza habari ya kumrudisha nyumbani, dawa zisimamishwe, fedha iliyobaki itunzwe kwa ajili ya msiba. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini picha za mkondo wa damu zilionyesha uwiano chini ya 1. Pete ilikuwa inavuja, haikuwa inakunywa. Maana yake, mionzi yenyewe ilikuwa imeunguza mahali pale na kuvimbisha, jambo linalotokea mara kwa mara katika miezi mitatu ya kwanza, na linafanana na saratani kama pacha na pacha. Daktari akasema tuendelee. Tukaendelea, na picha iliyofuata pete ikawa imepungua.

Baadaye, mwaka mmoja na zaidi, uvimbe ulirudi kweli, na safari hii mkondo wa damu ulipanda. Hapo hatukudanganyana. Daktari alimwambia yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, na yeye akasema, "Basi nipelekeni Segese." Alikufa nyumbani kwake, miezi kumi na saba baada ya kupasuliwa.

Katika miezi hiyo aliuza fungu lake la duara mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Akaandikisha kiwanja kwa jina la mkewe. Akalipa madeni, hata lile la soda mbili kwa mama wa dukani. Akamfundisha mwanawe mkubwa kudaka mipira ya juu. Kama dawa zingesimamishwa wiki ile ya kumi, sehemu kubwa ya hayo isingekuwapo. Hiyo ndiyo kazi ya dakika mbili za kipimo.

Je, kama mimi ningemwambia siku ile ya simu, "Kaka, nenda hospitali kesho," angepona? Hapana. Ninaijua hesabu hiyo vizuri. Lakini uvimbe ungekuwa mdogo, na mkono wake wa kushoto usingelegea kabla ya upasuaji. Golikipa huyo alidaka kwa mkono mmoja mpaka mwisho. Hilo ninalibeba.

Msije mkasema kuwa machimbo ndiyo yaliyomletea uvimbe. Sayansi haijaonyesha hivyo. Vumbi la mawe lina dhambi zake za mapafu, na zebaki ina dhambi zake za mishipa ya fahamu na figo, nazo zinatosha, tusizisingizie za ziada. Wala hakulogwa. Katika watu wengi wenye uvimbe wa ubongo sababu haijulikani. Zinazojulikana kwa yakini ni mionzi mingi kichwani na magonjwa machache ya kurithi.

Sasa nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wote. Kichwa kikiuma, mara nyingi mno si uvimbe. Lakini maumivu mapya yanayozidi wiki hadi wiki, yanayomwamsha mtu alfajiri na kumtapisha; mtu mzima kuanguka kifafa kwa mara ya kwanza; mkono au mguu wa upande mmoja kulegea; macho kufifia; au mtu kubadilika tabia hata nduguze wasimtambue: hayo ni ya hospitali, na mwulize daktari juu ya picha ya kichwa. Na mkienda kupigwa MRI, semeni kama mna chuma mwilini au mliwahi kurukiwa na kipande cha chuma jichoni. Wachomeleaji na wachimbaji, nawaambia ninyi hasa, kwani sumaku ile inaweza kukivuta kipande hicho.

La pili ni kwa wanafunzi wa zamani. Hatuwezi kununua MRI, na wala si kazi yetu. Lakini mgonjwa wa Segese hashindwi na mashine kwanza, anashindwa na nauli, na mahali pa kulala ndugu anayemsindikiza. Mwenzetu alichelewa majuma matatu kwa ajili ya nauli, wakati wengi wetu hapa tungeweza kuitoa siku ile ile kama tungejua. Napendekeza Kamati ianzishe mfuko mdogo wa safari za wagonjwa, wenye daftari la wazi linalosomwa katika kila mkutano kama huu. Nimeanza kwa kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu asubuhi ya leo.

La tatu ni kwenu ninyi wanafunzi. Mwaka ule ule wa 1971 ambao Folkman aliandika habari za mishipa, na ambao Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza, mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wake wa kwanza, tarehe 1 Oktoba, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Aliyeiunda mashine hiyo, Godfrey Hounsfield, alikuwa mhandisi. Aliyeanza hesabu zake kabla yake, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, na mwaka 1956 alikuwa mwalimu wa fizikia Cape Town akisaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Hakuna aliyekuwa daktari. Mwaka 1979 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa pamoja.

Na msidhani nafasi zimekwisha. Mwaka 2006, katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alimfundisha upasuaji wa ubongo Emmanuel Mayegga, aliyekuwa daktari msaidizi pale, wakati wapasuaji wa ubongo katika nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2023 mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta kutambua mipaka ya uvimbe wa ubongo yaliongezewa sehemu ya Afrika, yenye picha za wagonjwa wa Afrika, nyingi zikitoka Nigeria, kwa sababu kompyuta iliyosomeshwa kwa picha za Ulaya na Marekani peke yake haitufahamu vizuri. Wagonjwa wetu wanafika wamechelewa, na mashine zetu nyingi ni dhaifu kuliko zao. Kazi hiyo inahitaji watu wa hesabu, na hesabu hata Segese inafundishwa.

Kwa hiyo mwalimu akiandika logi ubaoni, msimuulize zitawasaidia nini. Mimi nimekwisha kuwaambia. Na mtu akiwapigia simu usiku akasema kichwa kinamuuma kila alfajiri, hata kama mmechoka, kaeni kitako mmuulize swali la pili.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wananitazama.